Seli ya Kumi

…na asipumue kwa nguvu, apumue kwa pua, kidogo kidogo, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango, kwa sababu ncha ya sindano ya kioo imeing'ang'ania seli ile kwa mdomo mwembamba kuliko unywele, na mtu akipiga chafya hapa, akiigusa meza hii kwa goti tu, seli itachomoka na miezi mitatu ya jaribio hili itakuwa imekwenda na maji, dakika mbili zimepita tangu afungue bomba la chupa ya kumi, mbili na sekunde kumi, na pale kwenye skrini seli inapiga mitano, mipigo mitano kila inapochokozwa na umeme, mistari mitano iliyosimama kama meno ya kitana, mitano, mitano tena, sawa, bado mapema, kilichomo chupani ndiyo kwanza kinafika, na kama ni dopamini, kemikali ya ubongo wenyewe, au ni maji matupu ya chumvi hakuna ajuaye humu chumbani, si yeye wala si Profesa aliyesimama nyuma yake akinukia sabuni na kutafuna mfuniko wa kalamu, aliyezichanganya chupa ni mama wa stoo, akazizungushia zote karatasi inayong'aa ili mwanga usiiharibu dawa na macho yasione kitu, akaandika orodha yake, akaitia ndani ya bahasha, akailamba, akamkabidhi Profesa na kumwambia, "Mkija kugombana msinitafute, mimi nina stoo ya kufunga," ah, mama yule, angekuwa yeye ndiye mkuu wa maabara hii… mitano… mgongo unawasha, chini kidogo ya bega la kushoto, mahali ambapo mkono haufiki hata ukiwa huru, na mkono wenyewe hauko huru, uko juu ya kifundo cha kusogezea sindano, vidole viwili tu, hautoki hapo mpaka mambo yaishe. Fundi, ndivyo wanavyomwita wote humu, Fundi njoo, Fundi kioo kimevunjika, mwanamke wa miaka arobaini na saba asiye na udaktari wala ofisi, aliyeajiriwa kuosha vyombo na kuwavutia madaktari sindano za kioo, akajifunza kuzishika seli mwenyewe kwa kuwatazama wanavyozikosa, na sasa hakuna mkono humu ndani unaoweza kuikamata seli na kuiweka hai saa nzima ila huu wa mwanamke anayewashwa mgongo, lakini ni nani aliyemwambia mtu wa kuosha vyombo kwamba ana haki ya kumkosoa Profesa, Profesa ambaye miaka ishirini amefundisha kwamba dopamini ikifika kwenye seli za gamba la ubongo huzituliza, basi, imekwisha, ipo kwenye kitabu chake, ukurasa una mchoro, na wapo wa vyuo vingine wanaoandika kinyume, kwamba huzichangamsha, na wao ndio anaowaita wapiga ramli, halafu akaja Fundi na daftari lake la kurasa za mraba akasema, "Samahani Profesa, naona nyote mko sahihi, inategemea mnaondoka saa ngapi," na chumba kizima kikacheka, si kwa ubaya, kilicheka tu, yule daktari wa chumba cha pili akacheka mpaka akashika ukuta.

Mitano, minne… umeona, minne, haya, imeanza, dakika ya tatu na nusu, minne, mitatu, basi chupani kuna dawa, maji hayafanyi hivyo, hili hata Profesa hana ubishi nalo, na huyo hapo nyuma anakohoa kile kikohozi chake cha mtu aliyeshinda, "Inatulia, Fundi," anasema kwa upole unaoudhi kuliko ukali, "kama ilivyo kitabuni," naye hajibu, anayetazama seli hajibu watu, mitatu, seli yenyewe ile pale kwenye hadubini, pembetatu ya kijivu kama hema dogo lililosimamishwa katikati ya changarawe, na kipande kizima cha ubongo wa panya hakizidi ukucha, kinaelea kwenye maji yanayopulizwa hewa, kipo hai bila mwenyewe, asubuhi alimshika panya yule kwa mikono miwili na kumwambia pole, humwambia kila mmoja, daktari wa chumba cha pili humcheka kwa hilo pia… mitatu… huko nje gurudumu linalia, toroli la kusafishia sakafu, Mungu wangu, linakuja upande huu, chupa ya sita ilikwenda hivyo hivyo, mtu aliubamiza mlango dakika ya nne na seli ikaachia, akalazimika kuandika ubaoni neno "ilikufa" kwa mkono wake mwenyewe, na Profesa akasema, "Si nilisema hufa?" kana kwamba mlango ulikuwa ushahidi wake, maana hicho ndicho anachodai, kwamba kule kupanda alikokuona Fundi baada ya dakika nane, tisa, si kazi ya dopamini hata kidogo, ni seli inayokata roho, "Mgonjwa naye hurusha mateke kabla ya kwenda, ukikaa na seli yoyote kwa muda huo itakufanyia vituko, uipe dawa, uipe maji, ni mamoja," ndiyo maana wakakubaliana hizi chupa kumi zisizojulikana, na ubaoni Fundi haandiki ila ilipanda au haikupanda, na kama kati ya zile zilizopanda zimo za dawa na za maji pia, basi ameshindwa, atarudi kwenye sinki na kwenye kiti hiki ataketi daktari wa chumba cha pili kuanzia Jumatatu, ameshaulizia hata ufunguo… toroli limesimama, msafishaji anaimba kitu kwa sauti ya chini, linaondoka, limepinda kona, asante, asante mama au baba uliye huko nje. Mitatu. Na yote haya kisa chake ni simu, nani angeamini, si akili wala si mpango, simu ya shangazi miaka miwili iliyopita, siku ambayo Fundi alikuwa ameikamata seli na kuifungulia dawa na kuiona ikishuka kama kawaida, ilikuwa afunge na kuandika "imetulia" kama walivyofunga na kuandika wenzake wote, na simu ikatetemeka mfukoni, shangazi aliyemlea tangu ana miaka mitano, fundi cherehani, mikono iliyopitisha uzi kwenye sindano gizani, sasa mikono hiyo hutetemeka na miguu hukwama mlangoni kama iliyogongelewa misumari, na siku hiyo alianguka, Fundi akakimbilia ukumbini kuongea naye, "Umeumia wapi, shangazi?" na shangazi akajibu, "Mimi sijaumia, mguu ndio umegoma, mimi na mguu hatusemezani," na wakacheka, na wakalia kidogo, na shangazi akauliza kama hicho anachokichunguza huko kazini ndicho kile kile kilichompungukia yeye, akamwambia ndicho, dopamini, ila wewe pengo lako liko chini ndani ya ubongo na mimi natafuta juu kwenye gamba, na shangazi akasema, "Basi si uchimbe!" na Fundi aliporudi kwenye meza nusu saa ilikuwa imepita, dawa bado inatiririka, hakuna aliyefunga bomba, na seli ile iliyokuwa inapiga minne ilikuwa inapiga tisa, tisa, alihesabu kwa kidole kwenye skrini kama mtoto wa darasa la kwanza.

Miwili. Hapana. Miwili tena, dakika ya sita na robo, haijawahi kushuka hadi miwili, zile nyingine zilishuka mpaka mitatu zikageuka, hii inashuka tu, na Profesa anasema kitu kuhusu kitabu, toleo jipya, mchapishaji anasubiri, nusu ya maneno yanamezwa na pampu, "…hakuna aibu, Fundi, mtu anaweza kuwa na mkono mzuri na bado…" na bado nini, malizia, na bado asiwe na kichwa, si ndivyo, wala hukuanza wewe, shuleni walimwita Kesho, mwalimu wa hesabu ndiye aliyempa jina, kwa kuwa kila akiulizwa swali alisimama kimya, akatazama ubao, akatazama dirisha, mwalimu akachoka akasema, "Haya kaa, utatujibu kesho," na kweli kesho yake asubuhi alikuwa na jibu, sahihi, na jingine ambalo hakuulizwa, lakini nani hutoa alama za kesho, wenzake wakaimba Kesho Kesho mpaka getini, hata binamu zake mpaka leo hii ni Dada Kesho, Dada Kesho pitisha chumvi ikiwezekana leo… miwili… jasho limefika kwenye nyusi, likiingia jichoni itabidi apepese, apepese, kupepesa hakutikisi meza, na kama atashindwa je, tuseme ameshindwa, itakuwaje, atavuta vioo, alikuwa akivuta vioo na hakufa, waya unawaka mwekundu, kioo kinalainika katikati, kinaachana chenyewe na kuwa ncha mbili, hata hilo ni jambo la kupendeza ukilitazama vizuri, lakini asijidanganye, hataki kurudi kwenye sinki, anataka hiki kiti, anakitaka kama mtu anavyotaka maji, hajawahi kujiambia hivyo waziwazi, anakitaka, na alichokiona alikiona, mara kumi na saba kabla hata ya hizi chupa, mara kumi na saba kwenye daftari akiwa peke yake huku wenzake wameenda kula, si ramli hiyo… miwili, mitatu. Mitatu? Usishangilie. Mitatu. Dakika ya saba na nusu, minne, minne, imekaribia kurudi ilikotoka, Profesa ameacha kutafuna kalamu, maana ule mlio mdogo wa meno na plastiki haupo, na Fundi anatazama upande wa kulia wa skrini, kule kwenye namba ambayo hakuna anayeitazama, umeme wa seli ikiwa imepumzika, sitini na nane chini ya sifuri, ilikuwa sitini na nane mwanzo na ni sitini na nane sasa hivi, seli inayokufa hupoteza umeme wake kama ndoo iliyotoboka, ingekuwa hamsini, ingekuwa arobaini, hii imekaa sitini na nane kama imepigiliwa, mitano, ni nzima, ni nzima kabisa, mitano, sita, ooh njoo, njoo mama, sita, saba, kila sekunde kumi na tano inachokozwa kwa umeme ule ule, kipimo kile kile, na inajibu zaidi, saba, hakuna aliyeipa nguvu kutoka nje, ni yenyewe imegeuka, ni kama imesikia habari na kukaa nayo kwanza, ikainamisha kichwa, ikaitafakari, ndipo ikainuka kusema, wangemwita Kesho na yenyewe, minane, na kicheko kinapanda tumboni mwake akakibana kwa meno, usicheke, ukicheka meza itatikisika, minane, minane, dakika ya kumi.

"Namba ya kupumzika?" anauliza Profesa, na sauti yake iko karibu zaidi, ameinama, "Sitini na nane," "Mwanzoni ilikuwa?" "Sitini na nane," na halafu anasema, "Iandike," na yeye anasema, "Mkono wangu hauko huru, Profesa, andika wewe," yametoka hivyo tu, hakuyapanga, miaka tisa hajawahi kumwambia mtu huyu afanye kitu, na viatu vikasikika vinakwenda ubaoni, chaki ikalia, ilipanda, anaandika kwa herufi kubwa kama mtu anayetia saini, haya, ya kumi imeandikwa, na sasa karatasi inachanwa, bahasha ile, Fundi hawezi kugeuka, macho yako kwenye seli, minane, atasikiliza kwa masikio, na moyo ule ambao dakika nne zilizopita ulikuwa umejikunja kama kitambaa sasa unadunda polepole, ajabu, unadunda kwa raha, kwa sababu yeye anajua, hapo ndipo kitu kilipogeuka ndani yake, na hakugeuzwa na bahasha, anajua kabla haijasomwa, aliona namba haikusogea, aliona seli nzima ikipanda, na kama mama wa stoo amekosea kuandika basi amekosea, seli haikukosea, miaka yote hiyo alidhani anangoja mtu amwambie ni kweli, kumbe ilikuwa kweli tangu siku ya simu, iko daftarini kwa mkono wake, "Ya kwanza," anasoma Profesa, "dawa… na ubaoni umeandika ilipanda. Ya pili, maji. Haikupanda. Ya tatu, maji, haikupanda. Ya nne, dawa, ilipanda. Ya tano, dawa…" na sauti inapungua kasi, si kwa uchovu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kila kipande kwa mguu, "ilipanda. Ya sita ilikufa, hiyo ilikuwa maji, hatuihesabu. Ya saba, maji, haikupanda. Ya nane, dawa, ilipanda. Ya tisa, maji, haikupanda," na pumzi, ndefu, "ya kumi, dawa," na Fundi akaacha chozi au jasho lishuke lilikotaka, maadamu halitikisi meza, zote, zote, hakuna hata moja ya maji iliyothubutu kupanda, hakuna hata moja ya dawa iliyokataa, tano kwa tano na nne kwa nne, wacheke tena basi, washike ukuta, waushike kwa mikono miwili, na shangazi, jioni akifika atamwambia nimechimba, shangazi, si huko kwako, bado, ila nimechimba na nimekuta maji… minane, minane, seli wala haina habari kwamba imeshinda kesi, inapiga tu, na daktari wa chumba cha pili amesukuma mlango nusu, "Vipi, tayari? Nilitaka kuchukua vipimo vya kiti—" na Profesa akamwambia, "Toka, na ufunge taratibu, kuna seli hapa," seli, hakusema kuna majaribio, wala kuna Fundi anacheza, akasema kuna seli, na mlango ukafungwa taratibu kweli, na kiti cha chuma kikaburutwa, hapana, kikanyanyuliwa, kikawekwa kwa uangalifu pembeni yake, Profesa ameketi, yule ambaye hukaa na seli dakika tano akatoka kwenda kwenye kikao, ameketi na viwiko juu ya magoti, anautazama mstari wa kijani kama mzazi nje ya chumba cha kujifungulia, "Miaka ishirini," anasema, si kwake, kwa skrini, "nilikuwa nikiondoka wakati inaanza kusema," na Fundi angeweza kulijibu hilo kwa maneno makali, anayo, ameyalimbikiza, yamepangwa kichwani kama vioo kwenye sanduku, lakini hayataki tena kutoka, hayana kazi, kifua kimejaa kitu kingine kisichoacha nafasi, akasema tu, "Itaendelea hivi hata nikiifunga dawa na kuiosha, Profesa. Muda mrefu. Hilo bado sijakuonyesha," na anaisikia sauti yake mwenyewe, haina samahani mbele, haina naona, haina labda, imesimama yenyewe kama mtu mzima, "Nionyeshe," anasema Profesa, na Fundi akafunga bomba la dawa kwa mkono wa kushoto bila kutazama, akafungua la maji safi, wa kulia haujatoka kwenye kifundo, mgongo unawasha pale pale, na mstari unapanda na kushuka, minane, maji yanaiosha dawa yote na bado minane, anajua itakuwa minane hata dakika ya ishirini, anajua jinsi mtu anavyojua njia ya kwao, na pembeni Profesa anapapasa mfuko, anatoa karatasi ile ile ya mama wa stoo, anaigeuza upande mtupu, anaanza kuandika kichwa cha habari, anakikata, anaandika kingine, na kalamu inasimama, "Jina lako," anasema, na kukohoa, na safari hii kikohozi kile hakijui pa kwenda, "kwenye andiko hili, tuliweke wapi?" na Fundi, vidole viwili juu ya kifundo, macho kwenye minane, hakutazama dirisha, hakutazama ubao, wala hakungoja hata sekunde moja.

"La kwanza," alisema.